Presha isiyoshuka, na pumzi inayokatika usiku

Saa mbili kasoro robo asubuhi, benchi la kliniki ya presha limeshajaa. Mzee aliyekaa mwisho kabisa, dereva mstaafu wa mabasi ya mikoani, ameegemeza kichwa ukutani na usingizi umemchukua. Kadi yake ya kliniki imelala kifuani, imechakaa kwenye mikunjo. Mkewe amemshikia mfuko wa dawa.

"Huyu ukimwacha dakika mbili ameshalala," mama ananiambia kwa sauti ya chini. "Nyumbani hulala hata kijiko kikiwa mkononi. Ila usiku sasa! Anakoroma mpaka jirani anasikia, halafu ghafla kimya. Mimi huamshwa na kile kimya, kelele nimeshazizoea. Namtikisa: baba watoto, vuta pumzi! Ndipo anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini."

Zamu yake inafika. Mashine inasoma 168 kwa 104. Kadi inaonyesha kwamba tarakimu hizo, au ndugu zake wa karibu, zimekuwa zikijirudia tangu mwaka jana. Anameza amlodipini, losartani na dawa ya kukojosha. Anaulizwa kama anakunywa dawa kila siku. Anakunywa. Anaulizwa kuhusu chumvi. Amepunguza. Anaandikiwa dawa ya nne na kupewa tarehe ya kurudi.

Habari za usingizi hakuulizwa. Na mama, mtu pekee anayejua kinachotokea chumbani mwao saa nane za usiku, alibaki nje kwenye benchi na mfuko wake.

Mhariri alinipa swali moja la kufuatilia: je, kila mwenye shinikizo la damu achunguzwe kama pumzi yake hukatika usingizini? Nilidhani ni swali la jibu fupi. Limenichukua wiki kadhaa, na jibu nililorudi nalo lina masharti.

Koo linapojifunga

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengi nafasi ya hewa hubaki ya kutosha. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene, mafuta mengi kuzunguka koromeo, tonsili kubwa au taya lililorudi nyuma, njia hiyo husinyaa. Hewa ikilazimika kupita penye wembamba, nyama laini za koo hutetemeka. Huko ndiko kukoroma.

Njia ikiziba kabisa, sauti hukatika. Kifua kinaendelea kujivuta lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unagundua hatari, adrenalini inamwagwa, mishipa inakaza, moyo unakwenda mbio. Mwenyewe anazinduka nusunusu kwa sekunde chache, koo linafunguka, anavuta mkoromo mmoja mkubwa na kurudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huliita tatizo hili apnia ya usingizi. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja, na pumzi zilizopungua mno nazo huhesabiwa. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni apnia nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali.

Piga hesabu: mtu wa mara 30 kwa saa, akilala saa saba, amekabwa mara 210 kabla ya alfajiri. Kila mara mwili umepandisha presha kama wa mtu anayekimbizwa.

> Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa, akilala saa saba, amekabwa mara 210 kabla ya alfajiri.

Kwa kawaida presha hushuka mtu anapolala, kwa asilimia 10 hadi 20, na mishipa hupata nafasi ya kupumzika. Kwa wengi wenye apnia, nafasi hiyo haipo. Baada ya miezi na miaka, mkazo wa usiku unahamia mchana, mishipa inazoea kukaza, na homoni ya aldosteroni inaufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa nayo, mtu akijilaza, husogea kuelekea shingoni na kuibana njia ya hewa zaidi. Apnia inapandisha presha, na mwili uliojaa chumvi na maji unaizidisha apnia.

Kliniki zetu hupima presha asubuhi, mgonjwa akiwa macho, ameketi. Kinachotokea usiku hakimo kwenye kadi.

Ushahidi ulioko mezani

Uhusiano huu haujaanza kusemwa jana. Mwaka 2000, watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 709 kwa miaka minne. Wale ambao pumzi zao zilikatika mara 15 au zaidi kwa saa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kupata shinikizo la damu kuliko wale ambao hawakuwa na tatizo hilo kabisa. Mwaka 2003, mwongozo wa kitaifa wa Marekani wa kutibu presha uliiweka apnia kwenye orodha ya visababishi vinavyoweza kutambulika.

Picha inakuwa nzito zaidi kwa wale ambao presha yao imegoma kushuka. Toronto, Canada, mwaka 2001, wagonjwa 41 wa aina hiyo walilazwa na kupimwa usingizi. Asilimia 83 walikutwa na apnia. São Paulo, Brazil, mwaka 2011, kati ya wagonjwa 125, walionayo walikuwa asilimia 64.

Lakini utafiti uliozidi kunikaa kichwani ni wa Jackson, Mississippi, kwa sababu ulifanywa kwa Wamarekani Weusi. Wenye shinikizo la damu 664 walipimwa wakiwa majumbani mwao. Mmoja kati ya wanne alikuwa na apnia ya kati au kali. Kati ya hao, asilimia 94 walikuwa hawatibiwi. Hiyo ni nchi yenye maabara za usingizi kila jimbo.

> Jackson, Mississippi: kati ya wenye presha waliokutwa na apnia ya kati au kali, asilimia 94 walikuwa hawatibiwi.

Tanzania nayo imeanza kuliangalia jambo hili. Mwaka 2021, watafiti wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, walichapisha kazi kuhusu tatizo hili kwa wagonjwa wa presha wanaohudhuria kliniki yao. Na uwanja wenyewe ni mpana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu.

Wanaosema tusubiri

Kwa hiyo, tuwapime wote? Hapa wataalamu hawaafikiani, na ni haki msomaji azisikie hoja za pande zote.

Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga, USPSTF, lilitoa tamko mwaka 2017 na kulirudia mwaka 2022: kwa watu wazima wasio na dalili, ushahidi hautoshi kusema wapimwe au wasipimwe. Maneno hayo wengine huyasoma kama katazo. Jopo halikukataza, limesema mizani haijaonyesha upande.

Sababu moja ya tahadhari hiyo ni tiba yenyewe. Tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, Australia. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1981, ikieleza wagonjwa watano. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo. Mashine hiyo inafanya kazi: usiku huohuo wa kwanza, kukatika kwa pumzi hupungua mno.

Swali ni kama inaokoa moyo. Mwaka 2016 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa ulioitwa SAVE, wa watu 2,717 wenye apnia ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine hawakupungukiwa na vifo, mishituko ya moyo wala viharusi kuliko wasiopewa. Walipata nafuu ya kusinzia mchana na hisia zao zilichangamka.

Wanaopinga upimaji wa jumla huushika utafiti huo kama ngao, na mimi siuoni kuwa wa kupuuzwa. Hata hivyo, waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi wa kawaida. Tena, watu waliokuwa wakisinzia kupita kiasi mchana hawakuingizwa. Mzee wangu wa kwenye benchi, aliyelala na kadi kifuani, huenda asingepokelewa. Siwezi kuyachukua majibu ya utafiti ule nikamhukumu nayo yeye.

Kuhusu presha yenyewe, Hispania ilitoa jibu mwaka 2013. Wagonjwa 194 wenye presha sugu na apnia walifuatiliwa kwa wiki 12. Mashine iliteremsha wastani wa presha ya saa 24 kwa takriban vizio 3 tu. Ni kidogo, na mtu akikuahidi kwamba mashine itakuondolea vidonge, anakudanganya. Ila kadiri mgonjwa alivyoivaa kwa saa nyingi, ndivyo presha ilivyozidi kushuka, na wengi zaidi walirudi kwenye hali ya kawaida ya presha kuteremka usiku.

Chama cha Moyo cha Marekani, AHA, kilichukua njia ya katikati mwaka 2021: wachunguzwe wenye presha sugu au isiyodhibitika vizuri. Huko ndiko nami ninakoegemea.

Pointi tatu kabla ya kuulizwa

Watetezi wa kupima wote husema kazi ni rahisi kwa sababu kuna hojaji. Inayotumika zaidi ni STOP-Bang, iliyotungwa na Frances Chung na wenzake mjini Toronto na kuchapishwa mwaka 2008. Walikuwa wataalamu wa nusukaputi, wakitafuta njia ya haraka ya kuwatambua wagonjwa ambao koo lingewafungia kwenye meza ya upasuaji.

Ina maswali manane, na kila "ndiyo" ni pointi moja. Unakoroma kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha pili? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona ukikata pumzi usingizini? Una presha? Uwiano wa uzito na urefu wako unazidi 35, yaani kama mtu wa mita 1.69 mwenye zaidi ya kilo 100? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Pointi 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 hadi 8 ni kubwa.

Ukiondoa mizani, kifaa kinachohitajika ni futikamba, kama ile anayoning'iniza fundi cherehani shingoni. Hilo linanifurahisha. Lakini tazama kinachotokea ukiipeleka hojaji hii kwenye kliniki ya presha. Mwanamume wa miaka 55 akiketi tu kitini, ana pointi tatu tayari: presha, umri na jinsia. Bado hujamuuliza kama anakoroma. Ukisema kila mwenye pointi tatu apelekwe kupimwa, umelipeleka karibu benchi zima la wanaume.

> Mwanamume wa miaka 55 akiketi tu kitini, ana pointi tatu tayari. Bado hujamuuliza kama anakoroma.

Upande wa pili wa kosa hilo ni wanawake. Hawapati pointi ya jinsia, na wengi hawakubali kwamba wanakoroma, maana mwanamke kukoroma huonekana aibu. Wao mara nyingi hulalamikia kukosa usingizi, kuamka na kichwa kinauma, au uchovu usioisha, na uchovu wa mwanamke katika nyumba zetu una maelezo mengine elfu moja. Baada ya hedhi kukoma hatari yao inapanda. Mjane je, anayelala peke yake, nani atamshuhudia?

Ndiyo maana swali la tatu, la aliyekuona ukikata pumzi, nalithamini kuliko mengine. Na mgonjwa hawezi kulijibu. Anayelala naye ndiye mwenye jibu.

"Tukiwauliza, tutawapeleka wapi?"

Hayo ni maneno ya muuguzi mmoja niliyezungumza naye foleni ilipopungua. Aliyasema bila ukali, akikunja mkanda wa mashine ya presha. Nimeyabeba tangu siku ile, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoandikwa kwenye majarida.

Kipimo kamili cha usingizi humtaka mgonjwa alale kituoni usiku mzima, nyaya zikiwa kichwani, kifuani na miguuni. Huduma hiyo iko kwenye hospitali chache za miji mikubwa. Kuna kipimo chepesi cha nyumbani: mkanda wa kifua, kibomba cha puani na kifaa cha kubana kidoleni, usiku mmoja tu. Hicho kinatosha kwa wagonjwa wengi ambao dalili zao ziko wazi.

Kile kibanio cha kidole kilichoenea wakati wa korona kinaweza kusaidia kama ni cha kurekodi usiku kucha, lakini kina dosari inayotuhusu moja kwa moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Kikisema oksijeni ni nzuri na mke anasema mume hukata pumzi, mimi nitamwamini mke.

Mashine ya CPAP kwa familia nyingi ni gharama ya kukopea, na umeme ukikatika nayo inazima. Sikubali, hata hivyo, kwamba kwa kuwa mashine ni ghali basi tusiulize. Mengi yanafanyika bila mashine. Kupungua uzito kwa asilimia 10 kumehusishwa na kupungua kwa kukatika kwa pumzi kwa takriban robo. Pombe ya usiku hulegeza koo. Kuiacha ni bure. Dawa za usingizi zinaweza kuzidisha tatizo, na wapo wanaozimeza wakidhani wanajitibu. Wengine hukata pumzi wakilala chali tu, na kulala ubavu kunawapunguzia. Na daktari anayejua kwamba mgonjwa wake ana apnia anaweza kuchagua spironolaktoni, inayoizuia ile aldosteroni, iwe dawa ya nne, badala ya kubahatisha.

Pia kuna wanaoitwa sugu na si sugu. Kabla ya kulitupia koo lawama, daktari huangalia kama vidonge kweli vinamezwa kila siku, kama mkanda wa kupimia unatosha mkono mnene, kama mgonjwa anakula diklofenaki kwa ajili ya magoti, maana dawa hiyo hupandisha presha. Mwenye presha iliyogoma kwa dawa tatu za dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojosha, huyo ndiye wa kuanza naye. Hao ni wachache kuliko benchi zima, na ndio walio karibu zaidi na kiharusi.

Barabarani, na kitandani

Nilimuuliza mzee kuhusu miaka yake ya udereva. Alifikiri kidogo, akatazama chini. Mara mbili, alisema, alizinduka gari likiwa limeshaacha lami, mara moja karibu na Gairo, abiria wote wamelala. Alidhani ni uchovu wa kazi. Hakumwambia mtu, kwa sababu dereva anayesinzia hapewi gari.

Nikamuuliza kama alijua kwamba hukata pumzi. Alisema kuna usiku huamka akihisi amekabwa shingoni, na tangu ujana akiambiwa ni jinamizi. Aliwahi kuhamisha kitanda upande mwingine wa chumba. Aliwahi kuombewa. Sikumcheka, na sioni wa kumcheka: mtu anayeshtuka gizani akigombania hewa anahitaji neno la kuliita jambo hilo, na neno tulilompa ni hilo. Kwenye kliniki hakulitaja kamwe, kwa kuwa jinamizi si habari ya hospitali.

Waandishi hufundishwa kutazama na kuondoka. Sikuweza. Nilimwomba mama, usiku huo, aweke simu juu ya stuli kando ya kitanda na kurekodi sauti, kisha siku ya kliniki aingie ndani na mumewe bila kusubiri kuitwa.

Wiki nne baadaye waliingia wote wawili, nami nyuma yao. Presha ilikuwa 162 kwa 100. Mama aliiweka simu mezani, juu ya kadi, akabonyeza.

Feni ilisikika kwanza, na mbwa kwa mbali. Halafu mkoromo, mzito, wenye mwendo wake. Dokta aliendelea kuandika. Kisha sauti ikakatika, na kalamu yake nayo ikasimama. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Muuguzi mlangoni aliacha kuita majina. Kwenye simu feni ilikuwa inazunguka, na katika chumba kile hakuna aliyevuta pumzi kwa nguvu mpaka mkoromo uliporudi kwa kishindo, kama mlango uliovunjwa.

"Sekunde 31," dokta alisema.

Mzee alikuwa ameinamia ile simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

"Huyo ni mimi?" alimuuliza mkewe.